Maswali yenu: Pesa ya programu huria tuigawe vipi?

Mwezi huu barua nne kati ya zilizonifikia zinagusa jambo moja: nani alipwe kwa programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuichukua bila kulipa. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza imenikalisha usiku mbili, kwa hiyo jibu lake ni refu kuliko mengine.

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 26, nakaa Tabata Kimanga. Tangu 2022 natunza programu huria ya stoo za maduka ya dawa. Inahesabu dawa zilizobaki na kuonya zile zinazokaribia kuisha muda. Leseni yetu ni GPL, ile inayotaka kila anayepewa programu awe na haki ya kupata na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda. Nilianza peke yangu, sasa tuko watano, mmoja yuko Morogoro na mwingine Mwanza, hao hatujawahi kuonana ana kwa ana. Mwezi uliopita kampuni inayofunga kompyuta madukani imesema itatupa shilingi milioni 6, kwa sababu inaiuza programu yetu kwa wateja wake. Hatujawahi kushika hela kwa kazi hii. Mwenzetu mmoja anataka tuhesabu mistari ya msimbo aliyoandika kila mtu, tugawane kwa asilimia. Mwingine anataka tuweke zawadi, kila anayerekebisha hitilafu apate elfu 30. Mimi kimoyomoyo nafikiria tuufunge msimbo, tuuze wenyewe. Nishauri kabla hatujagombana.
Mtunzaji, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hela haijaingia. Ikishaingia, kila mtu anakuwa na hesabu yake kichwani.

Nianze na hesabu ya mistari, kwa sababu ndiyo inayosikika ya haki kuliko zote. Mimi tangu 2012 natunza maktaba ndogo ya msimbo, yaani kipande ambacho programu nyingine hukichukua na kukitumia, inayogeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili. Ndiyo inayoandika kwenye hati ya malipo "shilingi elfu kumi na tano tu" chini ya 15,000. Inaonekana kazi nyepesi mpaka ufike kwenye 205,000. Zamani programu yangu iliandika "elfu mia mbili na tano". Isome kwa sauti. Mhasibu mmoja atasikia laki mbili na elfu tano. Mwenzake atasikia laki mbili na shilingi tano, na huwezi kumwambia amekosea. Kati yao kuna tofauti ya shilingi 4,995.

Nilikaa na kasoro hiyo siku tisa. Nilimuuliza karani wa benki. Nikampigia mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari. Nikasimama asubuhi nzima kwa muuza vitenge Kariakoo, nikisikiliza watu wanavyotaja bei. Pale hakuna aliyesema elfu mia mbili, wote walisema laki. Basi nikaifundisha programu iseme "laki mbili na elfu tano", na kwa ile nyingine iseme "laki mbili na shilingi tano". Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari minne mipya, na mingine kumi na moja niliifuta. Kwa kipimo cha mwenzenu, baada ya siku tisa za kazi mimi nadaiwa mistari saba.

Kipimo hicho hakimwoni pia yule anayepokea simu za wenye maduka Jumamosi, wala aliyeandika maelezo ya namna ya kuifunga programu, wala anayeijaribu kwenye kompyuta ya zamani yenye kioo kilichopasuka kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Najua kundi lenu lina mtu wa namna hiyo. Kila kundi linaye, na mara nyingi ndiye mwenye mistari michache kuliko wote.

Zawadi kwa kila hitilafu nayo imeshajaribiwa na wenye hela kutuzidi. Kampuni ya Marekani ya DigitalOcean ilianzisha Hacktoberfest mwaka 2014: kila Oktoba, tuma michango kwenye programu huria, upate fulana. Oktoba 2020 watunzaji waliamka wakakuta wamefurikiwa na maombi ya mabadiliko yasiyo na maana, mengi yakiwa ni mtu kaongeza neno la sifa kwenye ukurasa wa maelezo ili ahesabiwe. Ndani ya siku chache waandaaji walibadili kanuni, ikawa zinahesabiwa programu zilizokubali kushiriki tu. Hapo ni fulana. Mwaka 2024 mradi uitwao tea uliahidi sarafu za mtandaoni kwa wenye vifurushi vya msimbo, na npm, ghala la mtandaoni la vifurushi hivyo, likamiminiwa maelfu ya vifurushi visivyo na kitu ndani.

Elfu 30 kwa mji huu ni hela. Ukiitundika kwenye kila hitilafu, ndogondogo zote zitarekebishwa mbiombio, na ile moja mbaya ya tarehe za dawa, inayotaka wiki mbili za kukuna kichwa, itabaki palepale. Halafu wenzako wataacha kusaidiana. Leo ukikwama unamuuliza wa Mwanza na anakujibu usiku huohuo. Akishajua kuna elfu 30, atanyamaza aimalize mwenyewe, na simlaumu. Mahali pamoja tu ningeruhusu zawadi ya namna hiyo: mtu wa nje akigundua tundu la usalama na kuwaambia kwa siri kabla ya kulitangaza. Huyo mpeni asante ya fedha, tena haraka.

Ushauri wangu ni huu: nunueni muda wa kutunza, msinunue vipande. Nitakupa hesabu, mtaibadili mnavyotaka. Kwanza iulizeni kampuni itaiandika hela hiyo kama nini. Ikiwa ni malipo ya huduma, watakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani laki tatu, na mtabaki na 5,700,000. Tengeni laki saba za seva na domeni. Milioni moja igawanywe sawa kwa sawa, laki mbili kila mtu, kama asante ya miaka iliyopita. Hapo msipime nani alifanya zaidi, maana mkianza kupima ya nyuma hamtamaliza. Zinabaki milioni nne. Wekeni zamu ya mwezi mmoja mmoja. Mwenye zamu anajibu maswali ya maduka, anapitia mabadiliko yaliyotumwa, anatoa toleo jipya mwisho wa mwezi, na analipwa laki nne. Watu watano, kila mmoja miezi miwili: miezi kumi ya utunzaji inalipiwa, na kila mmoja anapata kuonja kazi ambayo mpaka sasa umeibeba wewe peke yako.

Kabla ya kutangaza mgawo huo, mpigie kila mmoja pembeni. Kuna ambaye mwajiri wake hamruhusu kupokea malipo mengine. Kuna ambaye hataki hela hata kidogo, anachotaka ni barua nzuri ya kuombea kazi, yenye maelezo ya alichofanya, iliyosainiwa na wewe. Na anaweza kuwepo aliyekwama kodi ya nyumba, ambaye laki nne ikija mwezi huu badala ya mwezi wa nane itamwokoa. Hayo mtu hayasemi kwenye kundi la WhatsApp.

Lakini hesabu yenyewe iwe kwenye kundi, tena wazi. Umewahi kuwa kwenye kamati ya harusi. Mhazini mzuri kila jioni anatuma orodha: jina, ahadi, alicholipa, baki. Ndiyo maana watu wanaendelea kutoa. Fanyeni hivyohivyo, na orodha iwe kwenye ukurasa wa programu yenu, aione hata ambaye hajachangia senti. Wako walioijengea kazi hiyo mtandao mzima, Open Collective, ambako kila shilingi inayoingia na kutoka inaonekana na yeyote. Shirika la Open Source Collective linapokea hela kwa niaba ya programu huria zisizo na usajili wake, na kwa huduma hiyo linakata asilimia 10. Kwa kundi la watu watano na kampuni moja ya hapahapa mjini, sidhani kama mnalihitaji bado. Ikifika siku mnapokea kutoka nje, litazameni.

Sasa funguo. Mama yangu mdogo ni mwanachama wa kikoba Mbagala. Sanduku lao lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mama mwingine, halifunguki mpaka wote watatu wawepo. Programu yako ina kufuli ngapi? Nahisi ni moja, na ufunguo, yaani uwezo wa kutoa toleo jipya, uko kwenye kompyuta yako mpakato. Nakuomba usome habari za xz, programu ya kubana mafaili iliyomo ndani ya mifumo mingi ya Linux duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja huko Ufini, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022 aliwaeleza watu waliokuwa wakimbana kwamba afya yake ya akili imempunguzia uwezo, na kwamba kazi hii anaifanya kwa kujitolea. Akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, mchapakazi, mpole, mwenye kutuma marekebisho mazuri. Baada ya muda akapewa funguo. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta yake kwa SSH, njia ya kuifikia kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia mpaka akakuta Jia Tan amepachika mlango wa siri ndani ya xz. Nusu sekunde ndiyo iliyotuokoa.

Ninapoisoma habari ile simwoni Collin kama mzembe. Namwona mtu aliyechoka, mbele yake kuna msaidizi mmoja tu, na hakuna aliyewahi kumlipa apumzike. Zamu ya laki nne niliyokuandikia hapo juu ni kwa ajili hiyo hasa. Wewe umebeba tangu 2022. Mpeni wa pili na wa tatu funguo, watu mnaowafahamu, na kila toleo jipya lipitiwe na watu wawili kabla ya kutoka.

Kuhusu kuufunga msimbo: huwezi peke yako. Kila aliyechangia ana hakimiliki ya alichoandika, na alikupa chini ya GPL. Ukitaka kubadili leseni lazima wote wakubali, au uondoe kazi ya asiyekubali na kuiandika upya. Na matoleo yaliyokwisha kutoka yatabaki huria, huwezi kuyarudisha. Ile kampuni nayo haina kosa kuiuza, GPL inaruhusu kuuza mradi mteja akipewa programu apewe na haki ya kupata msimbo wake. Nanyi mnaruhusiwa vilevile. Uzeni kufunga, kufundisha wauzaji, kukaa na data zao, kujibu simu usiku. Takwimu za vituo vya afya vya nchi hii zinapita kwenye DHIS2, programu huria inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Maendeleo yake yanagharamiwa na wafadhili kama Norad na Global Fund, na hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapo wataalamu ambao kazi yao ni kuirekebisha iendane na mahitaji yetu. Hakuna aliyeufunga msimbo ili hao wapate kula.

Na mkutane na kampuni kabla ya kusaini. Ombeni milioni 6 iwe ya kila mwaka, hata ikishuka ikawa nne. Waandike kwenye ukurasa mmoja kwamba hela haiwapi umiliki wala haki ya kuamua toleo lijalo liwe na nini. Wakitaka kitu chao mahususi, hicho kina bei yake.

SWALI: Binti yangu, nauza vifaa vya umeme Gerezani. Kijana wangu wa kompyuta alinifungia programu ya hesabu na ankara, akasema ni huria, haina gharama, na kweli nimeitumia miaka miwili sijalipa kitu. Sasa anataka nitoe laki moja kila mwaka, eti tuwatumie walioitengeneza. Najiuliza kama ananipiga. Kitu kama ni bure, si bure?
Mzee wa Gerezani

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Shaka yako ni ya haki, nayo inamalizika kwa dakika tano. Mwambie akufungulie ukurasa wa wenye programu unaosema wanapokea michango, uusome naye, kisha hela itoke kwenye simu au kadi yako moja kwa moja kwenda kwao, isipite mkononi mwake. Akikubali bila kubabaika, ni kijana mwema.

Sasa hilo neno bure. Sisi Waswahili tuna bahati, tuna maneno mawili. Kuna bure, kisicholipiwa. Na kuna huru, kisichofungwa. Kiingereza kinayabeba yote kwa neno moja, free, ndiyo maana wenzetu wanahangaika kulieleza jambo hili miaka yote. Richard Stallman, aliyeanzisha harakati hizi Marekani mwaka 1983, mwaka 1985 alikuwa akiuza mkanda wa kompyuta wenye Emacs, programu yake ya kuandikia, kwa dola 150. Ukiununua unaruhusiwa kuinakili, kuibadili, kumgawia jirani. Ilikuwa huru, na aliila hela yake halali.

Nikueleze la kwangu, mzee. Kuna kampuni ilichukua ile maktaba yangu ya tarakimu ikaiweka kwenye mfumo wake wa mishahara. Sikujua. Usiku mmoja wa mwisho wa mwezi, saa tano, nilikuwa wodini namuuguza mama, simu ikaita. Mtu nisiyemfahamu akaniambia hati za mishahara hazitoki, watu hawajalipwa, na kosa ni langu. Nilitoka kwenye korido, nikakaa kwenye benchi, nikafungua kompyuta, nikatumia bando langu. Kufika saa nane usiku nilikuwa nimepata tatizo: walikuwa wameibadili wenyewe wakaiharibu. Nikawatengenezea. Asubuhi sikupata hata meseji. Wiki mbili baadaye niliwaandikia kwa adabu kwamba, kwa kuwa wanaitegemea, wafikirie kuchangia kiasi kila mwaka. Jibu lilikuwa sentensi moja: leseni haitulazimishi.

Ni kweli, haiwalazimishi. Niliisoma sentensi ile mara nyingi, na mwaka huo nilikaribia kuiacha kazi yote.

Kilichonirudisha ni karani wa chama cha akiba na mikopo Temeke. Aliniuliza namba yangu ya simu, nikampa nikidhani ana swali. Tarehe 5 ikaingia shilingi 20,000. Tarehe 5 ya mwezi uliofuata tena. Mpaka leo haijakosa. Si hela ya kunilisha, mzee, lakini kila Jumamosi asubuhi nafungua kompyuta nikijua kuna mtu anaitegemea kazi hii na amekiri kwamba anaitegemea. Nikiona ombi la chama kile nalitazama kwanza.

Usifikiri ni kwetu wadogo tu. OpenSSL ni programu huria inayofunga kwa siri mawasiliano ya tovuti nyingi duniani, zikiwemo za benki. Aprili 2014 ilitangazwa kuwa na tundu lililopewa jina la Heartbleed, ambalo mtu angeweza kulitumia kuchota nywila kutoka kwenye seva. Hapo ndipo dunia ilipojua kwamba kundi lililoitunza lilikuwa likipokea michango ya kama dola 2,000 tu kwa mwaka. Makampuni makubwa yakakimbilia kuweka mfuko kupitia Linux Foundation mwezi huohuo. Hela ilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyefikiri ni wajibu wake.

Dukani kwako naamini kuna jenereta. Kila baada ya saa kadhaa fundi anakuja kumwaga oili na kubadili chujio, nawe unamlipa ingawa jenereta ulishainunua. Laki moja kwa mwaka ni kama shilingi 8,300 kwa mwezi, kwa kitu kinachoandika kila ankara inayotoka dukani. Na kama kuwatumia watu wa mbali kunakutia uzito, kuna njia nyingine ninayoipenda vilevile: mlipe huyohuyo kijana siku mbili za kazi, arekebishe kasoro moja inayokukera, halafu ayapeleke marekebisho kwa wenye programu ili yaingie kwenye toleo la wote.

SWALI: Dada, mimi ni msichana, nasoma mwaka wa pili sayansi ya kompyuta, naishi Mabibo Hosteli. Mwaka mzima nimekuwa nikichangia programu huria usiku. Baba kila nikienda nyumbani ananiuliza nalipwa lini. Nimeanza kuona aibu. Je, ziko njia za kweli za kulipwa, au niache?
Mwanafunzi, Mabibo

JIBU: Mdogo wangu, usiache, ila usiendelee hivyohivyo.

Njia za kweli zipo. Ya kwanza ni Outreachy: miezi mitatu ya kazi ukiwa hukohuko uliko, na msimamizi wako, kwa malipo ya dola 7,000. Wanachukua watu mara mbili kwa mwaka, na wanawalenga wanaobaguliwa au walio wachache kwenye teknolojia ya nchi yao. Wewe ni msichana kwenye darasa la kompyuta, hebu hesabu mko wangapi, kisha uandike hivyohivyo kwenye maombi. Ya pili ni Google Summer of Code, iliyoanza 2005. Zamani ilikuwa ya wanafunzi tu, tangu 2022 inawapokea wanaoanza programu huria wenye miaka 18 na kuendelea, na malipo yanategemea nchi unayoishi. Zote mbili hazitozi ada ya maombi. Mtu akikuomba ada ili akuingize, huyo si wao.

Jihadhari na jambo moja. Kwenye Outreachy unatakiwa kuchangia kwanza wakati wa maombi, bila malipo, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Chagua programu moja au mbili, usitawanyike. Nenda kwa ile ambayo msimamizi wake anajibu maswali. Ukikaa wiki nzima hujajibiwa, hama.

Jiwekee na mpaka: hadi mwezi fulani ukiwa hujapata njia ya malipo, punguza usiku wa kazi hizi ubaki mmoja kwa wiki, usome. Ulichochangia hakipotei, kiko wazi kwa jina lako, na mwajiri anaweza kukisoma.

Na baba yako usimkwepe. Ukienda nyumbani kaa naye, mfungulie ukurasa mmoja wenye jina lako na tarehe, umweleze kitu kimoja tu ulichotengeneza na nani anakitumia. Wazazi wetu wanaijua kazi wakiiona. Swali lake la malipo ni swali zuri, mimi ningefurahi makampuni mengi zaidi yaulizwe hilo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Temeke. Msimbo siujui. Natafsiri kwa Kiswahili programu huria ya kujifunzia hesabu ili wanafunzi wangu waielewe. Nimefika maneno 600. Mtu kama mimi anahesabiwa kuwa mchangiaji, na anaweza kuomba malipo?
Mwalimu wa Temeke

JIBU: Mwalimu, ndiyo kwa yote mawili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa kukaa na kubishana neno gani litumike. Kutafuta neno ni kazi ya kichwa kama kuandika msimbo, na kwa wanafunzi wako ndiyo inayoamua kama programu inafunguka au haifunguki.

Waandikie watunzaji wa programu hiyo barua fupi. Eleza maneno uliyomaliza, yaliyobaki, wiki utakazohitaji, na shule inayosubiri. Waulize kama wana fungu la tafsiri. Wakisema hawana, omba walau wakulipie bando kwa muda wa kazi, na barua ya kukutambua utakayoiweka kwenye faili lako la utumishi. Omba bila kuona haya. Wengi hawatoi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaomba.

Faili ulilonitumia nimelipitia lote. Limekaa vizuri sana, hasa pale penye hesabu za sehemu na desimali. Nina mawili tu. Pale pa kuweka kazi isipotee umeandika "okoa", weka "hifadhi", wanafunzi wameshaliona kwenye simu za wazazi wao. Na pale pa kurudisha hatua moja nyuma umeandika "futa kitendo", tumia "tendua", ni fupi na linaingia kwenye kitufe. Halafu juu kabisa ya faili, mahali palipoachwa wazi kwa jina la mtafsiri, wewe umepaacha hivyohivyo. Andika jina lako kamili, na mwaka.